Taarifa Mbili za Kipa

Kazi yangu ni kuisemea timu ya chuo. Mechi za wanafunzi hapa Muscat hazijazi viwanja, lakini waandishi wanataka habari pale pale filimbi inapolia. Basi sisi tuna ada yetu: mechi haijesha, taarifa mbili ziko tayari kwenye simu, ya kushinda na ya kushindwa. Unatia idadi ya mabao, unatuma. Mama yangu akinicheka, "Mkono wako unatangulia, akili inakuja nyuma kwa miguu." Nikimjibu ndo maana hawajanifukuza.

Kipa wetu alipojigonga kichwa kwenye nguzo ya goli, nikafanya vile vile. Siku ya tatu daktari alitwambia tusitumai sana. Nikaandika mbili: moja anaendelea na matibabu, ya pili innalillahi. Nakiri, ya pili niliianza mwanzo, maana ilikuwa rahisi zaidi kuandika.

Mamake ni Mswahili kama sisi, mjane wa Matrah. Tangu siku ya ajali hakubanduka kwenye kiti kando ya kitanda cha mwanawe. Nilimpelekea chai nikamsihi akapumzike kidogo.

"Siondoki, mwanangu," akanambia. "Alipozaliwa, babake alimsomea adhana sikioni. Babake hayupo. Na huyu akenda, shahada ya mwisho n'tamtamkia mie sikioni. Sitaki jengine kwa Mungu."

Alkhamisi baada ya alasiri nilikuwa kwenye gari, nje ya hospitali. Mkuu wa chuo akapiga: waandishi wanauliza, tuma taarifa. Nikatuma. Lahaula, nikatuma ile ya innalillahi.

Niliifuta baada ya dakika chache, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ilishaingia kwenye makundi ya simu ya jamaa zetu, na sisi watu wa kukimbilia misiba, kila mtu anataka kuonekana wa mwanzo. Wanawake wakavaa mabuibui yao wakenda moja kwa moja Matrah, nyumbani kwa kipa. Alikuwepo bibi yake tu, mgonjwa wa moyo, na binti wa kazi. Waliingia wakilia.

Nilipofika juu wodini mbio, mamake alikuwa na simu sikioni. "Hajafa! Nimemshika mkono! Nani kasema kafa?"

"Mie, mama," nikasema. "Nimekosea."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kwenye simu binti wa kazi alikuwa anapiga kelele: bibi kaanguka, hapumui vizuri, nyumba imejaa watu na hakuna anayemsikiliza. Yule mama hakuwa na ndugu wa kumtuma. Akasimama, akanivuta mkono akaniketisha kwenye kiti chake.

"Kaa hapa. Ukimwona anabadilika, mtamkie shahada karibu na sikio, taratibu. Narudi sasa hivi."

Nikakaa. Naapa nilikaa. Lakini simu ikawa haisiti: mkuu wa chuo, waandishi, tena mkuu, anataka masahihisho yatoke sasa hivi. Ndani hawaruhusu kuzungumza kwenye simu. Nikatoka ukumbini, nikajiambia dakika mbili tu. Nikaandika kwamba kipa wetu yu hai, na kwamba chuo kinaiomba radhi familia. Nikasoma mara mbili, safari hii nisikosee. Nikatuma.

Niliporudi, mapazia yamefungwa. Muuguzi, Mhindi, alikuwa anamfunika. Alinambia amefariki sasa hivi tu, kimya kimya.

Mamake alirudi jua linazama. Bibi kapata nafuu. Njiani kayasoma masahihisho yangu, na alipanda ngazi anamshukuru Mungu. Alipoyaona mapazia akajua. Hakulia. Alinishika mabega kwa mikono miwili.

"Ulimtamkia?"

"Ndiyo, mama."

"Sikioni?"

"Sikioni. Taratibu, kama ulivonambia."

Akanibusu kichwani, akasema Mungu anilipe kheri.