Mkanda wa Merv Pascoe

Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka askari, hutumwa mheshimiwa mmoja kutoka Sydney kuja kusema mbele ya jiwe letu la majina hapa Wirrin. Kila mwaka anatuambia kwamba Merv Pascoe "amelala usingizi wa mashujaa". Mimi huwa natazama viatu vyangu nisije nikacheka. Merv huyo huyo alale? Hakuwa anatulia hata kanisani. Basi nitamsimulia mwenyewe, mimi Athol Quirk, niliyeishika kamba yake baharini na nikaishika tena vitani, na asiyependa atafute msimulizi wake.

Alizaliwa nyuma ya kibanda cha samaki na chipsi cha mama yake, pale juu ya ufukwe. Baba yake alifariki mapema, kwa hiyo Merv alilelewa na mama mmoja mkali na bahari moja kali zaidi, na sioni kama alipungukiwa na kitu. Siku za kazi alikuwa kwenye kiwanda cha siagi akibeba makopo ya maziwa. Jumapili alikuwa wetu, wa klabu ya waokoaji, na hapo ndipo alipokuwa mtu kamili. Alikuwa na majivuno, sifichi. Lakini akijisifu asubuhi, ikifika mchana ameshayatimiza yote, sasa utamwambia nini?

Kazi yetu ilikuwa hivi. Merv alivaa mkanda wa turubai uliofungwa kamba ndefu mgongoni, akaogelea kumfuata anayezama. Mimi nilisimama kwenye maji ya kiunoni nikiiachia kamba. Nyuma yangu, mchangani, alikuwa Dooley kwenye gurudumu la kuivutia. Dooley alikuwa na tumbo la haja, na kwa kuwa kwetu majina ya utani huenda kinyume, tulimwita Mwembamba. Merv akishamkamata mtu, alimlaza chali kifuani pake, akainua mkono. Mkono ukiinuka, vuta. Lakini polepole! Ukivuta kwa pupa, kamba inamzamisha aliyevaa mkanda, naye hawezi kujinasua. Unamuua mtu huku ukidhani unamwokoa.

Mwembamba alisahau hilo siku ya mashindano na klabu ya jirani. Aliona tunakaribia kushinda, akalizungusha gurudumu kama mwendawazimu. Merv alitoka majini midomo imekuwa ya buluu, akapiga magoti mchangani akitapika maji. Kabla hatujamfikia, Mama Pascoe alikuwa ameshashuka kutoka kibandani, aproni kiunoni, mwiko wa chipsi mkononi.

"We Dooley! Unavuta mwanangu au unavuta gogo?"

"Mama, tulikuwa karibu tushinde..."

"Utashinda na njaa! Chipsi zangu usizione kabla ya Krismasi!" Akamtandika mwiko wa bega, na yule bonge akajikunja kama mtoto.

"Mwache, mama," Merv akasema kati ya kutapika. "Si tumekuwa wa pili?"

"Na wewe nyamaza, utapike vizuri." Kisha akatugeukia mimi na Mwembamba, sauti imeshuka. "Nisikilizeni. Uso wa mwanangu ukae juu ya maji. Hata mkifukuzwa na nani. Polepole. Mmenisikia?"

Tulimsikia. Nani asingemsikia?

Vita vilipofika kwetu, tulijiandikisha watatu siku moja. Stesheni Mama Pascoe hakulia. Alitupa samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, akamkumbatia Merv, akampigapiga mgongoni kana kwamba anamkung'uta vumbi. Kisha akamwangalia Mwembamba.

"Wewe unajua," akamwambia, basi.

Tukapelekwa New Guinea, kwenye matope na mvua. Merv kama askari wa gwaride hakuwa lolote. Vifungo vyake vilikuwa vibaya, kofia yake iliangalia upande wake yenyewe, na Sajini Maddern, mkulima wa ngano kutoka bara ambaye hakuwahi kuiona bahari mpaka alipopandishwa meli, alimwona kama adhabu yake binafsi. Lakini njiani Merv alibeba mzigo wa mwenzake juu ya wake, akiimba vibaya, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kisha likaja lile jambo la mto. Tulikuwa tumerudi nyuma na kuuvuka asubuhi, maji yakiwa ya magotini. Majeruhi wetu walikuwa wanafuata nyuma, wamebebwa kwa machela na wapagazi Wapapua, wenyeji wa kule. Mvua ikanyesha milimani, mto ukafura ukawa wa rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo. Majeruhi wakafika ng'ambo ya pili wakakwama, na Wajapani walikuwa wanashuka mgongo wa mlima nyuma yao.

Merv aliuangalia ule mto kama mtu anayeangalia bia ya bure.

"Sajini, nipe kamba."

"Una wazimu? Hilo si bwawa la kuogea!"

"Kwetu hii tunaita bahari shwari, Sajini. Athol, we shika. Mwembamba yuko wapi? Mwembamba, gurudumu ni wewe mwenyewe leo, hilo tumbo litufae."

Tulimtengenezea mkanda kwa mikanda ya bunduki. Akaingia mbali upande wa juu wa mto, akaukata mkondo mshazari, akizama, akiibuka, na mimi nikiachia kamba kama nilivyoiachia Jumapili zote. Wapagazi walimdaka upande wa pili. Kwa kamba yake wakavuta kamba nene, wakafunga chelezo cha mianzi, na tukaanza kuwavusha majeruhi. Wapapua wale walifanya kazi majini mpaka shingoni huku risasi za kwanza zikianza kulia juu yao, na hakuna hata mmoja aliyekimbia. Hilo nalo mheshimiwa wetu hajawahi kulitaja.

Alibaki majeruhi mmoja, kijana wa Queensland aliyevunjika paja, aitwaye Noel Tibbits. Hapo gogo likaja, likakisaga chelezo na kuondoka na kamba nene. Wapagazi wangeweza kupanda kwa njia zao, ila kumpandisha Noel kwenye ule ukuta wa mlima haikuwezekana. Kamba nyembamba bado ilikuwa mgongoni mwa Merv, na ncha yake mikononi mwetu. Tukamwona anamlaza Noel kifuani pake, anaingia naye majini chali chali, anainua mkono.

"Vuta," nikasema.

Mwembamba akavuta, polepole. Walipofika katikati, rashasha ikaanza kutoka mlimani, maji yakaruka pande zote. Nikaona Merv anashtuka mara moja. Mikono yake haikumwachia Noel.

"Vuteni haraka!" Sajini alipiga kelele. "Haraka, nyie wapumbavu, watauawa!"

"Nikivuta haraka watazama wote wawili!" Mwembamba akajibu, machozi yanamtiririka.

"Hiyo ni amri!"

"Nimeshapewa amri na mama yake!"

Niliangalia uso wa Merv, nikaiongoza kamba ili uso ule usiende chini. Nakwambia, sijawahi kuona kamba inakuja taratibu namna ile, na tuliivuta hivyo hivyo mpaka visigino vyake vikagusa kokoto. Noel alikuwa hai, anatukana. Merv alikuwa amekwisha.

Wako waliosema baadaye kwamba tungevuta haraka tungemtoa kwenye risasi. Waliosema hivyo hawajawahi kuvaa mkanda. Noel sasa ana mvi, huja Wirrin kila kiangazi na binti zake, na bado hajui kuogelea. Hatukukosea. Nilikuwa na hakika siku ile, na nina hakika leo.

Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye neno lake lingeweza kuniondolea hakika hiyo. Tuliporudi nyumbani, mimi na Mwembamba tulizunguka kile kibanda kama wezi kabla ya kuingia. Mama Pascoe alikuwa kwenye mafuta yake. Hakuuliza kama Merv alikuwa shujaa, wala kama aliumia.

"Alikuwa na mkanda?"

"Alikuwa nao, mama," nikasema.

"Nani alivuta?"

"Mimi," Mwembamba akasema.

"Ulivuta vipi?"

"Polepole, mama. Sajini alitaka haraka. Nikavuta polepole. Maji hayakumfika puani."

Akaufuta mkono wake kwenye aproni, akaupitisha juu ya kaunta, akakiweka kiganja kwenye bega lile lile alilolitandika mwiko. Akakiacha hapo mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi.

"Kaeni," akasema. Akachukua sahani kubwa kuliko zote, akamjazia Mwembamba chipsi mpaka zikamwagika mezani.