Kitambaa cha Kijani kwenye Kababu

Fundi hakuwa mtu wa kudanganya kwa maneno. Kwa kitambaa, ndiyo, alidanganya kila siku, na watu wakamshukuru. Mwenye kitambi aliingia chumba chake cha mbele na kitambi, akatoka hana. Mwenye bega moja chini alitoka mabega yamelingana. "Uzuri wa nguo uko ndani," alipenda kusema, akigeuza gauni aonyeshe bitana, "huko msikotazama." Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kukaa bure kwenye kitambulisho.

Sasa mwanamke huyu, mwenye mikono ya kuficha kila kitu, alishindwa kuficha karoti.

Aliyemshinda alikuwa baba mkwe wake. Mzee Bucha alishika kisu cha nyama tangu ujana wake hadi magoti yalipokataa kumsimamisha nyuma ya meza, na ulimi wake ulikuwa na sifa zake. Umpe kipande kilichochemshwa, kikaungwa, kikakaangwa, atakuambia kilitoka pajani au begani, na kama ng'ombe alikuwa mzee atakupa pole. Majani hakula. Mchicha hakula, kabichi hakula, na karoti aliiita jani lililojificha ardhini. "Ng'ombe amekula majani kwa niaba yangu," alisema. "Mimi namla ng'ombe. Kurudia kazi ya nini?"

Alipokuwa na mkewe hakuna aliyejali, maana afya yake ilikuwa ya kuonewa wivu. Mama alipofariki, mzee akahamia kwa mwanawe, na haukupita muda mrefu tumbo lake likagoma. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mzee alingoja sana, kwa sababu mambo ya choo utamwambiaje mkwe? Wakamkuta siku moja amejikunja kitandani, uso umemsawijika, anauma mto asipige kelele. Hospitalini, daktari mmoja mwanamke, mpole, wa umri wa mjukuu wake, alimhudumia mpaka akapata nafuu, kisha akasema waziwazi. Mboga kila siku, maji mengi, arudi baada ya miezi miwili aangaliwe. Tumbo likifunga tena namna hii, itabidi wapasue.

"Maisha yangu yote kisu nakishika mimi," mzee alisema wakiwa njiani, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake. "Leo kinanitafuta."

Fundi akadhani hofu hiyo itatosha. Jioni akampakulia mchicha kando ya nyama, mchicha mzuri, umeungwa kwa vitunguu. Mzee akala nyama. Akazungusha sahani taratibu mpaka mchicha ukatazama ukutani, akanawa mikono, akashukuru.

"Baba, si daktari amesema?"

"Amesema, mwanangu."

"Sasa?"

Mzee alijifuta mikono. "Nilipokuwa mdogo mvua ilikataa," alisema. "Tulikula majani. Si kama haya yako. Ya porini, yamechemshwa bila chumvi, asubuhi na jioni, mpaka mdogo wangu akafa hayajamtoka mdomoni. Siku ya kumzika niliapa kwamba nikipata kisu changu, jani silitii mdomoni tena. Usinilazimishe. Najua unanipenda."

Fundi akaondoa sahani. Jikoni alilia kidogo, halafu akakasirika, kama mtu yeyote anavyokasirika akipewa sababu isiyojibika. Asipokula atapasuliwa, na kwa umri ule nani wa kuhakikisha kwamba ataamka? Akilazimishwa, ni sawa na kukanyaga kaburi la mtoto. Ilibidi mzee ale pasipo kula. Fundi akasimama pale, sahani mkononi, akaikumbuka bitana.

Mzee alikuwa na udhaifu mmoja, kababu bapa za nyama ya kusaga, zile za kukaangwa kikaangoni. Mashine ya kusagia hakuitaka; nyama aliikatakata mwenyewe, kwa visu viwili, ta-ta-ta-ta juu ya ubao wake wa zamani, na mafuta aliyaacha kwa kipimo chake. "Nyama isiyo na mafuta hata kidogo ni msumari," alisema. Akimaliza alimkabidhi Fundi bakuli kama anayekabidhi mtoto mchanga, kisha akabaki palepale kwenye kiti chake kando ya pazia la jikoni. Na masikio yake, tofauti na magoti, yalikuwa bado mazima kabisa.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kukwaruza karoti kuna mlio wake, na hata mtu aliyelala anaujua. Fundi akamwita mumewe, fundi umeme, mtu mkimya wa kutii.

"Kaa kwenye cherehani, ukanyage."

"Nishone nini?"

"Usishone kitu. Kanyaga tu. Nikikohoa, acha."

Basi kila alasiri mwanamume mzima, mwenye leseni ya kufunga nyaya za umeme kwenye maghorofa, alikaa chumba cha mbele akikanyaga cherehani isiyo na kitambaa, huku mkewe jikoni akikwaruza karoti kwa upande wa matundu madogo wa kikwaruzio. Siku ya kwanza alijisahau akashona mkono wa shati lake mwenyewe, ikabidi aje mezani na shati jingine. "Mkwe wangu kazi zimemwelemea," mzee alisema peke yake kwenye kiti. "Hapumziki."

Kababu za kwanza zilikuwa aibu. Fundi aliweka kabichi mbichi ndani, na mafuta yalipopata moto kabichi ikatoa maji yake yote, kababu zikavunjika zikawa mchuzi wenye huzuni. Wakazila yeye na mumewe wakiwa wamesimama, kimyakimya, mzee akaambiwa gesi imeisha. Za pili aliogopa maji. Alinyunyizia karoti chumvi, akazifunga kwenye kipande kipya cha bitana, akakamua mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kababu zikashikana vizuri sana. Mzee akatafuna moja, akatafuna, akaomba maji.

"Nyama hii niliikata mimi?" aliuliza kwa upole.

"Ndiyo, baba."

"Basi kuna mtu ameikosea adabu."

Fundi hakulala vizuri. Asubuhi, akikata gauni la mteja, aliangusha vipande vya pembeni kwenye kikapu chake kama kawaida, maana fundi wa kweli hatupi kipande, na mkono ukamkwama hapohapo. Yale maji ya karoti aliyoyamwaga! Alasiri ile hakuyamwaga. Aliyatia kwenye bakuli, akaloweka humo mkate uliotolewa ganda, mkate ukanywa utamu wote ukavimba. Mchicha akauchovya kwenye maji ya moto, akaukamua, akaukatakata mpaka ukawa kama vumbi. Vitunguu akavikaanga kwanza mpaka vikalegea. Vyote akavichanganya na nyama kwa ncha za vidole, bila kukanda, kwa sababu nyama ikikandwa inakuwa ngumu kama mtu aliyekasirishwa. Akazipumzisha mahali penye baridi, akabonyeza kila moja katikati kwa kidole gumba, na zilipokuwa kikaangoni akajizuia kuzikandamiza kwa mwiko, ingawa mkono ulimwasha.

Mzee aliuma. Mchuzi ukamchuruzika kidevuni mpaka kwenye shati.

Akachukua ya pili. Fundi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti.

"Nyama niliyokupa," mzee alisema hatimaye, akiitazama sahani, "haikuwa ya kujaza sahani hii."

"Nimeongeza mkate, baba."

"Mkate." Akafikiri. "Mkate si jani. Leta nyingine."

Mumewe Fundi akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Fundi mwenyewe alikwenda jikoni, akashika ukingo wa sinki, akaitoa pumzi ambayo alikuwa ameizuia tangu hospitalini.

Wakaendelea hivyo. Karoti leo, mchicha kesho, hoho siku nyingine, na konzi ya maharage yaliyopondwa siku alipojisikia jasiri. Mzee akaanza kutembea asubuhi. Akaanza kuimba chooni, jambo ambalo familia nyingine ingeliona kero, lakini hapa mke na mume walisimama ukumbini wakisikiliza na kushikana mikono. Funika kombe mwanaharamu apite, Fundi alijiambia. Kosa liko wapi?

Kosa lilikuwa njiani linakuja. Hoteli moja ilimletea kazi ya sare za kijani, nyingi, za haraka, na nyumba nzima ikajaa vipande vya kijani, sakafuni, kwenye viti, mpaka kwenye nywele za mumewe. Siku hiyo Fundi aliukata mchicha akili ikiwa kwenye kola. Mezani, mzee akauma kababu, akaacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kitu kidogo cha kijani kinachong'aa mafuta, akakilaza ukingoni mwa sahani.

Mumewe Fundi akaanza kuitazama glasi yake ya maji kana kwamba ndani yake mna samaki. Fundi aliona mambo yote kwa pamoja: mzee anasukuma sahani, mzee hali tena chochote cha mkono wake, mzee kwenye machela anasukumwa kwenda kwenye kisu.

"Kitambaa, baba," alisema. "Nisamehe sana. Ni hizi sare. Kimening'ang'ania mkononi."

Mjue kwamba mwanamke huyu alikuwa ananawa mikono kabla ya kugusa hata chumvi. Hakuna tusi ambalo lingemuuma kama kuitwa mchafu wa jikoni, na sasa alijipaka uchafu huo mwenyewe, mbele ya baba mkwe.

Mzee akakiinua kile kitu, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Akamtazama Fundi. Akamtazama muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama ng'ombe wa kununua.

"Kitambaa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Haya. Kitambaa si jani."

Akakirudisha mdomoni, akatafuna, akameza. "Kizuri," akaongeza. "Hakichuji rangi."

Fundi hakujua acheke au aombe radhi tena. Siku nzima iliyofuata alikosea mishono akijiuliza mzee anajua au hajui, na kama anajua, atakula tena? Alasiri ikafika. Akasikia kutoka kwenye kiti cha kando ya pazia ta-ta-ta-ta ya visu viwili juu ya ubao, na moyo ukamtulia mahali pake.

Miezi miwili ilipotimia walikwenda hospitali wawili, mumewe akiwa kazini. Fundi alikuwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili. Daktari alimlaza mzee, akamminya tumbo huku na huku, akamuuliza maswali ambayo Fundi aliyajibia moyoni kwa dua. Kisha daktari akavua glovu.

"Tumbo laini kabisa," alisema. "Hongera, mzee. Hakuna haja ya kupasua kitu hapa."

Fundi akakaa. Kiti kilikuwapo, bahati nzuri. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa, akayaacha yatoke.

"Kwa hiyo umekubali kula mboga," daktari alisema akiandika.

Mzee alikuwa anafunga vifungo vya shati. "Sili," alijibu. "Nina kiapo."

Kalamu ikasimama. "Huli mboga?"

"Sili. Ila mkwe wangu ni fundi cherehani. Nyumbani kuna vitambaa vingi, vinaanguka kwenye chakula. Navila."

Daktari akamgeukia Fundi. Fundi akaitazama dari, ambayo ilikuwa na doa la maji la kupendeza sana.

"Vya rangi gani?" daktari akauliza taratibu.

"Kijani, mara nyingi. Siku nyingine rangi ya karoti."

"Basi endelea kuvila, mzee," daktari alisema, akainama haraka juu ya meza yake, mabega yakimtikisika.

Nje kulikuwa na jua na kelele za magari. Walitembea polepole kwa ajili ya magoti, Fundi akiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Halafu mzee akakohoa.

"Mwambie mume wako akanyage cherehani taratibu. Hakuna fundi anayeshona mbio hivyo bila kusimama kukata uzi."

"Baba!" Fundi alifunika uso. "Nisamehe. Nilikuona unaumwa, na kiapo chako nilikiheshimu, nikakosa..."

"Kiapo sijakivunja," mzee alisema. "Mimi nimepewa kababu, nimekula kababu. Kuna kosa?"

"Hakuna, baba."

"Na wewe kwa kushona hujambo, lakini kwa uongo bado. Kitambaa!" Akatikisa kichwa, akicheka peke yake. Kisha kicheko kikapungua, na aliposema tena alikuwa hamtazami Fundi, alitazama mbele, barabarani. "Mama yenu hakuwa na cherehani. Yeye alikuwa akiniambia ni majani ya chai yamemwagikia nyama. Miaka yote ile."

Fundi akasimama katikati ya njia. Akakumbuka ile afya ya kuonewa wivu, na jinsi ilivyokatika mara tu mama alipozikwa.

"Nawe ukamwamini, baba?"

Mzee alimshika mkono ili wavuke barabara.

"Kwetu, mwanangu, hatukuwa tunakunywa chai."