Bei ya Muhuri Lushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa taipureta. Wakili aliyeniajiri, mzee mrefu aliyevaa sweta mwaka mzima kwa baridi ya Lushoto, alinisimamisha mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani, akaniambia niisome kwa sauti kutoka juu hadi chini. Lilikuwa jedwali la ada: kuthibitisha nakala ya cheti, kiasi hiki, kumwapisha mtu, kiasi hiki, kila kiambatisho, kiasi hiki.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Basi mtu akikuuliza bei, usinitazame mimi. Tazama ukuta. Hiyo imepangwa na kanuni, haikupangwa na tumbo langu."

Vijana wa leo wanadhani muhuri ni dawa ya mganga, kila mmoja ana bei yake. Siyo. Wakili anayeitwa mthibitishaji wa hati na kamishna wa viapo amepewa mamlaka mawili madogo. Huitazama hati halisi na nakala yake, akagonga muhuri kwamba hii imetoka kwa ile. Au humwapisha mtu kwamba aliyoyaandika ni kweli, na karatasi hiyo huitwa hati ya kiapo. Ni kazi ya dakika chache. Hajatetea kesi ya mtu, hajasafiri kwenda popote. Ndiyo maana ada yake ni ndogo, na mimi nimezeeka nikiwaeleza watu jambo hili jepesi bila kueleweka.

Nilifanya kazi na mzee yule miaka kumi na moja. Macho yalipomsumbua alirudi kijijini kwake kulima pasheni, na ofisi ikachukuliwa na wakili wa pili. Huyu alikuwa kijana bado, mwenye maneno matamu na viatu vya kung'aa. Wiki ya kwanza tu alibandua jedwali ukutani.

"Mama, hili linatufunga mikono," alisema. "Bei ni mazungumzo."

Mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi: mteja akiingia, mimi nimsome. Akiwa mfanyabiashara wa mboga wa Lukozi na kuna mnada wa kabichi wiki ile, nipandishe. Akisema ana haraka, nipandishe zaidi. Na kwa aibu yangu, nilipandisha. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na sikutaka kufukuzwa. Nilijiambia kwamba anayetaja bei ni mimi, lakini anayeipanga ni yeye. Uongo wa namna hiyo mtu huweza kuuishi muda mrefu.

Kisha akaja Mama Zaina kutoka Mnazi, kule tambarare. Alikuwa mjane. Mume wake alifanya kazi katika shamba la mkonge maisha yake yote, na sasa mafao yake yalikwama kwa sababu kadi ya kazi ilikuwa na majina mawili na kitambulisho kilikuwa na matatu. Alihitaji hati ya kiapo kueleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Barua aliyopewa ilimpa siku kumi na nne.

Wakili alinong'ona bei kutoka chumba cha ndani. Kwa ada ya kanuni mama yule angelipa kama bei ya kilo mbili za sukari. Alichotajiwa kilikuwa bei ya mbuzi.

"Nitarudi," alisema Mama Zaina.

Alirudi baada ya siku tano, ameuza mbuzi, lakini nauli ya kupanda mlima na kushuka ilikuwa imekula sehemu ya fedha. Wakili alitoka mwenyewe kuzihesabu.

"Mama, hizi hazijatimia."

"Baba, nilizonazo ndizo hizo. Niandikie, zilizobaki nitaleta mafao yakitoka."

"Hapa hatukopeshi."

Mama Zaina hakulia wala hakubisha. Alizifunga fedha zake kwenye ncha ya khanga, akaniambia mimi, siyo wakili, "Asante, dada." Hiyo asante ndiyo iliyonichoma. Nilimfuata nje, nikamshika mkono.

"Nisubiri hapo kwa fundi cherehani. Usiende stendi."

Saa ya chakula nilichapa ile hati, ukurasa mmoja, kwa mashine ya ofisi. Hakimu naye ana mamlaka ya kuapisha, basi nikampeleka mahakamani. Hakimu alikuwa mwanamke mkali asiyependa kupotezewa muda. Alimsomea Mama Zaina kila mstari, akamuuliza kama ameelewa, akamsimamisha na msahafu mkononi. Ada ililipwa dirishani, risiti ikatolewa. Nusu saa haikufika.

Lushoto ni mji mdogo. Jioni wakili alikuwa ameshaambiwa.

"Umechapa hati kwa mashine yangu, ukampelekea mtu mwingine! Unaniharibia soko!"

"Sikujua kama tuko sokoni, Bwana Wakili. Na hata sokoni Lukozi mtu huulizia bei kwa jirani."

Alinifukuza palepale. Kuhusu mashine, alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Kuhusu mengine hakuwa nayo. Mama Zaina alilipwa baada ya miezi minne. Alipanda mlima kuja kunieleza mwenyewe, wakati huo nikichapia watu barua katika duka la vifaa vya ofisi kwa ujira wa kurasa.

Wakili wa tatu, binti wa kwetu huku milimani, ndiye aliyenirudisha kwenye kazi hii. Alibandika bei mlangoni na kila mtu alipewa risiti. Mngedhani watu walifurika. Wapi! Mzee mmoja aliisoma bei, akageuza nakala ya cheti cha mwanawe mara mbili, akaniuliza, "Mama, kwa bei hii, huu muhuri ni wa kweli?" Nikamwambia ni wa kweli. Akatikisa kichwa, akavuka barabara kwenda kwa yule wa viatu vya kung'aa. Nilitamani kumrushia kidau cha wino.

Tulidumu hata hivyo, nami nikastaafu kutoka kwake. Sasa majirani huniletea karatasi zao baada ya kuumia, kamwe siyo kabla. Nawaambia: ulizeni bei kabla ya kukaa kwenye kiti, daini risiti, someni kabla ya kutia sahihi. Wanaitikia, "Ndiyo, bibi," kisha wanakwenda kulipa.

Juzi mwalimu kijana, binti wa jirani yangu, alinionyesha hati yake ya kiapo kwa furaha. Ukurasa mmoja, bei ya gunia la viazi. Nikameza hasira yangu, nikamuuliza, "Nani alikuapisha?"

"Kuniapisha vipi, bibi? Nilimwachia karani, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa tayari."

Nikaisoma. Pale chini, juu ya muhuri mzuri wa duara, iliandikwa kwamba ameapa mbele ya wakili.