Kizuka na Santuri za Marehemu

Mtaani Rahaleo, Mtwara, mwanamke mvumilivu kuliko wote alikuwa Somoe binti Hemedi. Hayo si maneno yangu, ni ya mtaa, na mtaa ukishakuvisha sifa huivui kirahisi. Walimsifu hasa kwa sababu ya mumewe, Ismaili, mtu wa winchi bandarini, mwenye gramafoni ya betri na santuri tele. Kila jioni akishatoka kazini nyumba yake ililia taarabu na dansi mpaka majirani wa upande wa msikiti wakafunga madirisha. Na huyu Somoe alikuwa binti wa mwalimu wa chuo, aliyekulia penye sauti za watoto wanaosoma Kurani asubuhi na jioni. Akiulizwa anawezaje, alitazama chini na kusema, "Ndiye mume wangu, nifanyeje?" Wanawake walitikisa vichwa kwa huruma, na sifa ikaongezeka.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukweli ni kwamba Ismaili alikuwa hajui muziki hata chembe. Akiimba, paka alitoka nje. Santuri ya kwanza aliisikiliza kwa adabu, ya pili ilimkuta anakoroma kitini na kofia imemshukia puani. Mwenye santuri alikuwa Somoe.

Maradhi hayo yalimpata utotoni, kijijini Madimba, kwenye duka la Mhindi aliyekuwa akinunua korosho. Mhindi yule alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Somoe alitumwa mafuta ya taa akarudi jua limezama, chupa tupu mkononi. Baba yake, Mwalimu Hemedi, alimchapa. Fimbo ilipokosa faida akamwandikia kombe, akayaosha maandishi kwa maji, akamnywesha bakuli zima. Kombe lilishuka tumboni, lakini wimbo ulikuwa kichwani, na kesho yake mtoto alikuwa tena kibarazani kwa Mhindi.

Alipoolewa na kuhamia mjini aliapa kuacha. Ismaili akamfuma jikoni anaimba huku anatwanga kisamvu. Somoe akanyamaza kwa woga, Ismaili akacheka, na mshahara uliofuata ukaja na gramafoni. Siku Mwalimu Hemedi alipokuja kumjulia hali bintiye, akaiona imekaa mezani chini ya kitambaa cha kufuma, Somoe alifungua kinywa aombe radhi. Ismaili hakungoja kuulizwa.

"Yangu hiyo, mzee," alisema. "Ujana haujanitoka bado."

Mwalimu alivuta pumzi, akamtazama bintiye kwa huruma, akaomba maji ya kunywa. Tangu siku hiyo Ismaili aliubeba mzigo ule kwa kicheko, na Somoe akamwacha aubebe. Mwanzoni alimwacha kwa hofu, halafu kwa mazoea, na mwisho, tuseme kweli, kwa sababu sifa ya uvumilivu ni tamu.

Mwaka 1971, mvua za masika zilipokwisha, homa ilimchukua Ismaili upesi, hata santuri iliyokuwa juu ya gramafoni ilikuwa haijageuzwa. Somoe akaingia eda.

Kizuka, kama mjuavyo, hana chake isipokuwa chumba. Miezi minne na siku kumi: shuka nyeupe, nywele bila mafuta, macho bila wanja, dirisha la mbao limefungwa ili asionwe na mwanamume wa kando. Chooni anakwenda amejifunika gubigubi. Ngoma na nyimbo hata kuzitaja ni aibu. Wifi yake, Zainabu, dada wa marehemu, alihamia kukaa naye. Alikuwa mtu wa tasbihi, mwenye moyo mzuri na sauti kavu, na usiku alilala mlangoni kabisa, hivi kwamba Somoe hakuweza hata kugeuka kitandani bila kuulizwa anataka nini.

Matanga yalipoanuliwa tu, Shabani alikuja. Huyu alikuwa mtoto wa dada mwingine wa marehemu, kijana wa nywele ndefu na suruali pana chini. "Mjomba akifa, mpwa huchukua," alisema kule ukumbini, akabeba gramafoni na sanduku la santuri. Mjane hakuulizwa. Nani angemwuliza mvumilivu kama anautaka mzigo wake?

"Afadhali zimetoka," Zainabu alisema. "Nyumba imepata hewa."

Somoe akasema ndiyo, wifi. Kitu kimoja tu Shabani hakukichukua kwa kuwa hakukijua: senti kumi ya zamani, ile ya kikoloni yenye tundu katikati, isiyonunua tena hata kiberiti. Ilikuwa imefungwa kwenye pindo la shuka ya Somoe, naye aliipapasa mchana kutwa.

Basi akawa anazipiga santuri kichwani. Alilala chali, macho kwenye boriti za mikoko, akaanza na ile yenye karatasi ya kijani, taarabu ya Unguja. Fidla zinaingia kwanza, zinasukumana kidogo, kisha udi unazituliza. Mwimbaji ni mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, na kabla ya ubeti wa tatu anakohoa. Kikohozi kidogo, cha kuficha, lakini mashine ilikidaka, na Somoe alikipenda kuliko ubeti wenyewe. Maana alipokohoa alikuwa mtu, amekaa chumbani mahali fulani, koo limemkauka, na hakuna aliyempa maji. Halafu ile ya dansi ya Dar es Salaam, ambayo mpiga saksafoni anachelewa kuingia. Wenzake wanamngoja, gitaa linazunguka palepale mara mbili, ndipo anatokea kwa mbwembwe kana kwamba wao ndio waliowahi. Halafu ya Kongo. Lugha yake hakuna aliyeijua Rahaleo, kwa hiyo Somoe aliitungia maana mwenyewe: mtu anamsihi mkwewe amrudishie kuku.

Hapo mara nyingine alicheka peke yake, na Zainabu aliinua uso kwenye tasbihi.

"Unalia, wifi?"

"Nnalia," alijibu Somoe, na baada ya kusema hivyo kweli alilia.

Lakini hayo yote yangevumilika kama si dua. Kila baada ya Magharibi Zainabu alikunja miguu kwenye mkeka, akainua mikono na kumwombea kaka yake, na dua haikwisha bila maneno haya: "Ewe Mola, msamehe Ismaili, umwondolee mzigo wa zile santuri zake." Kisha akangoja. Na Somoe ilimbidi aitikie, "Amina."

Ile amina ilimkwama kooni kama mwiba wa changu. Yeye ni binti wa mwalimu, dini aliijua, ila hakuna kitabu cha baba yake kilichosema Mungu hufanyaje na dhambi iliyoandikwa jina lisilo lake. Alimwona Ismaili huko aliko, anaulizwa habari za santuri, na jinsi alivyomjua, anacheka na kujibu, "Zangu hizo." Je, aseme ukweli? Baba yake alikuwa hai, mzee, macho yameisha. Ndiyo apewe habari hii ya kumzika nayo? Na Zainabu je? Kiwanja cha nyumba hii kilikuwa cha watu wa Zainabu, na mjane asiye na mtoto hukaa kwa radhi. Na mtaa? Alipogeuka huku palikuwa na ukuta, alipogeuka kule palikuwa na ukuta, na wa tatu alikuwa ameujenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, kwa kutazama chini na kusema nifanyeje. Chumba kile angetolewa eda itakapokwisha. Huku kwingine hapakuwa na siku ya kutolewa.

Mwezi wa tatu wa eda ulipokuwa ukielekea mwisho, Bi Sharifa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kuomba radhi. Bintiye alikuwa anaolewa, siku ilikwishapangwa, na haikuwezekana kuirudisha nyuma. Somoe alimwambia wafurahi, harusi haina lawama. Hakujua kwamba Shabani amekwishajitolea kuileta gramafoni.

Harusi ikafika, mchana, jua kali. Somoe alisikia vyungu, watoto, sauti za wapishi wakigombania pilipili. Kisha ukatoka mkwaruzo mdogo aliokuwa akiujua, na fidla zikaingia, zinasukumana. Ilikuwa sauti kweli, si ile ya kichwani, na ilipita katika ukuta wa udongo kama vile ukuta haupo. Alikaa wima kitandani. Zainabu alikuwa anamtazama, kwa hiyo aliikunja mikono kwapani ili vidole visimwumbue. Yule mwanamke wa Unguja akafika ubeti wa tatu, akakohoa, na Somoe alifumba macho.

Wakapiga ya dansi, wakapiga ya Kongo. Kisha Shabani, kwa kuwa bwana harusi amekaribia, akaweka ile ya harusi, yenye karatasi nyekundu, na Somoe akasema moyoni, Mungu wangu, si hiyo.

Santuri hiyo ilikuwa na jeraha. Wimbo wake ulikuwa wa kumpamba bibi harusi: *Hakuoi kwa mali, hakuoi kwa uzuri, anakuoa kwa tabia.* Lakini katika neno la kwanza palikuwa na mchubuko, na sindano ikifika hapo haisongi mbele. Dawa yake ilikuwa ile senti kumi. Tundu lake lilikaa sawasawa juu ya skrubu ya kichwa cha mkono wa gramafoni, ule ushikao sindano, uzito wake ukaisukuma sindano ikavuka. Dawa hiyo Somoe aliivumbua mwenyewe, na hakuna mwingine aliyeijua.

"*Hakuoi,*" ilisema gramafoni ya harusi. "*Hakuoi. Hakuoi. Hakuoi.*"

Kwanza walicheka. Shabani aliinua mkono akaurudisha nyuma kidogo, wimbo ukaanza vizuri, ukafika palepale: hakuoi, hakuoi. Kicheko kikapungua. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, na ikasikika sauti ya Bi Sharifa, kubwa, yenye machozi. Zainabu alitupa buibui kichwani akatoka. Somoe alibaki peke yake chumbani kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nyumba ya pili neno lile likaendelea mpaka mtu akaizima gramafoni.

Zainabu alirudi akihema.

"Bibi harusi analia, mama mtu analia. Wanasema ni nuksi. Wanasema marehemu hajapumzika, ndiye anayeitia maneno santuri yake. Wazee wamemwambia Shabani azivunje zote sasa hivi, kabla bwana harusi hajaingia." Alikaa kwenye mkeka. "Na zivunjwe. Huenda ndugu yangu akapumua."

Somoe alilisikia hilo la kuvunjwa likampita, kwa namna ya ajabu, bila kumkata. Lililomkata ni lile la Ismaili. Watu walikuwa wamesimama uani kwa Bi Sharifa, wengine wamekula ubwabwa wa harusi yake yeye mwenyewe Somoe, na wanasema Ismaili amemtupia nuksi binti wa jirani. Ismaili, aliyekuwa hawezi kumnyima mtu hata kiti.

Alianza kulifungua fundo la shuka. Lilikuwa limekaza, akatumia meno.

"Mpelekee Shabani hii," alisema, akaiweka ile senti mkononi mwa wifi yake. "Aiweke juu ya kichwa cha mkono, tundu likae kwenye skrubu. Itavuka."

Zainabu aliitazama sarafu, kisha akamtazama yeye. "Umejuaje wewe?"

"Kwa sababu ni zangu, wifi."

"Nini zako?"

"Santuri. Zote. Kaka yako hakuwahi kuchagua hata moja. Alininunulia, kisha akasema zake ili baba asinilaani. Alikuwa analala, wifi. Wimbo wa pili tu, analala."

Nje mtu alikuwa akisema leteni jiwe.

"Jioni zote hizi," Zainabu alisema polepole, "nimemwombea msamaha mtu asiye na kosa. Na wewe umekaa hapo unaniitikia amina."

Somoe alitazama chini, kisha akakumbuka ni mara ngapi ametazama chini, akauinua uso. Zainabu alisimama, akaifumba ile senti kiganjani, akatoka bila kuaga. Mlango aliuacha wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Somoe ilimbidi asogee pembeni ili asionwe na wapita njia.

Alisubiri kusikia santuri zikivunjika. Akasikia mkwaruzo. Kisha wimbo, kisha lile neno, na sindano ikavuka: *hakuoi kwa mali, hakuoi kwa uzuri, anakuoa kwa tabia.* Vigelegele vilipasuka. Katikati ya vigelegele akasikia sauti kavu ya Zainabu ikisema kwa nguvu, ili kila mtu asikie, kwamba kaka yake hakuwa na nuksi wala santuri. Na akasikia mtu akiuliza, za nani basi, na jibu likazimwa na ngoma.

Halikuhitaji kusikika. Somoe alijua kwamba kufika kesho asubuhi litakuwa limeshafika sokoni, na kufika Ijumaa litakuwa Madimba, kwa mzee asiyeona.

Zainabu hakurudi mpaka adhana ya Magharibi. Alifunga mlango, akatawadha, akasali. Akakunja miguu kwenye mkeka. Akamwombea Ismaili kwa jina, nuru kaburini na nafasi, akanyamaza palepale alipozoea kutaja santuri. Mikono ilibaki hewani. Kisha akaendelea, kwa sauti ileile kavu.

"Ewe Mola, msamehe Somoe, umwondolee mzigo wa zile santuri zake."

Akangoja.

"Amina," alisema Somoe, na mara hii haikumkwama.