Pilau ya Maranda

Kwetu Temeke tulipikia maranda. Mama hakupenda kuni kwa sababu ya moshi, na kuhusu mkaa alikuwa akisema, "Huko unakotoka wanabaki na visiki." Basi mie na dada yangu tulikwenda Keko kwa mafundi seremala, tukazoa maranda na unga wa mbao waliokuwa wakiuchoma tu ili uwapishe. Hawakutuuzia, walifurahi kuona sakafu imesafishwa.

Jiko lenyewe lilikuwa debe lililotobolewa ubavuni, karibu na kitako. Unapitisha mti tunduni, unasimamisha chupa katikati, kisha unashindilia maranda pembeni mpaka yashikane. Ukichomoa chupa na mti taratibu, inabaki njia ya moto. Ukiwasha asubuhi, maharage uliyoyaloweka jana yanaiva yenyewe, wewe unafua. Kazi ya kushindilia ilikuwa yangu, na niliipenda. Debe langu halikuwahi kubomoka.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa na maduka yamejaa kila kitu. Mjomba alituletea jiko la umeme kutoka Dubai. Mama alilishukuru, akalichemshia chai siku ambazo umeme ulikuwepo.

Dada alipochumbiwa, shangazi, dada yake baba, alikuja kusimamia mapishi ya harusi. Aliagiza kuni na mkaa. Lakini masika ilikuwa imeshika. Malori ya mkaa yalikwama njiani, na kuni zilizofika zilikuwa zinatoa maji. Asubuhi ya harusi tulikuta uani moshi mtupu, wapishi wanafuta machozi, nyama haijachemka.

Mama akaniita. "Toa magunia yote ya maranda yaliyo chini ya kitanda. Kaazime madebe kwa majirani."

Shangazi akamshika mkono. "Wifi, watu wa bwana harusi watatuona vipi? Upikie wageni takataka?"

"Wageni watakula wali, wifi. Moto hawaujui."

Nilishindilia debe baada ya debe chini ya turubai, mikono imejaa vumbi la mninga, huku mvua inapiga juu. Mama hakunikagua. Alipita tu, akagusa la kwanza kwa kidole, akaendelea kukaanga vitunguu. Masufuria makubwa yalipangwa kila moja juu ya madebe matatu yaliyokaribiana, na moto ukapanda bila kelele. Mpishi mkuu, mama mmoja wa Buguruni aliyezoea kupuliza kuni harusi nzima, alivuta kigoda akakaa. "Leo napika kama bibi harusi," akasema, wote wakacheka, hata shangazi.

Debe moja lilianza kufifia wali ukiwa karibu kukauka. Niliingiza kijiti tundu la chini, nikasafisha majivu taratibu bila kuangusha maranda. Moto ukarudi. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo.

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

Shangazi akavua khanga yake ya juu, akaifunga kiunoni, akachuchumaa karibu yangu akaanza kushindilia debe la akiba.

Pilau iliiva, haikuungua, haikunuka moshi. Watu wa bwana harusi walikula, wakaongezwa. Mama yake bwana harusi akaomba kuingia uani awasalimie wapishi. Nilimpa shikamoo nikiwa nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akatazama madebe, akainama kuchungulia moto uliobaki.

"Hivi ndivyo mnavyopika siku zote?"

"Siku zote," Mama akajibu, kichwa juu.

Yule mama akamgeukia dada yangu aliyekuwa amekaa kwenye mlango wa uani na maua yake. "Mwanangu, ukija kwetu, uje na debe."

Nikamsikia shangazi akidakia kwa sauti ya kujivuna, kana kwamba shauri lilikuwa lake tangu mwanzo: "Debe lipo. Na mshindiliaji yupo, huyu hapa, mtoto wa kaka yangu."

Mama alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Mie nilisimama hapohapo, mikono michafu nikiiacha ionekane.