Mama Anakoga

Kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba. Anaachwa amalize shughuli zake, apande ndege yake, afike nyumbani, akae, anywe maji, ndipo aambiwe. Sheria hii sikuitunga mimi, nimeikuta, lakini katika familia yetu hapa Maskati fundi wake ni mimi. Nalisema hili mapema ili nisije nikajifanya sijui.

Baba alipofariki, mdogo wetu wa kiume alikuwa Uingereza, mitihani ya mwisho iko mlangoni. Mimi ndiye niliyeshika simu. Wiki mbili nzima alipiga akimtaka baba, na wiki mbili nzima nilimjibu. Nikamfunza na mdogo wangu wa kike, maana yeye akipokea sauti ilikuwa ikimtetemeka. Nikamwambia usiseme amelala, mtu akilala mchana watu huuliza anaumwa nini. Usiseme yuko msikitini, atapiga tena baada ya nusu saa. Sema anakoga. Mtu akiwa msalani hapewi simu, na hakuna anayeuliza zaidi. Mdogo wetu wa Uingereza akawa anacheka, akasema baba mwaka huu ataota magamba kwa kukoga. Na mimi nikacheka naye. Wallahi nilicheka. Tulifungua hata kundi jingine la simu ambalo yeye hayumo, taazia zote tukazihamishia huko. Aliporudi na shahada yake akaambiwa, alikaa mwaka mzima hasemi nami. Nikasema na asiseme, kwani angefanya nini kule ila kulia? Sikumwomba radhi.

Basi mwaka huu mume wangu alistaafu. Miaka ishirini na saba amesimamia ghala kule Rusayl, jua na vumbi la malori, na kitu alichokitaka kilikuwa kimoja tu, kwenda Vienna kuona majumba ya wafalme aliyokuwa akiyatazama kwenye kalenda ya ofisini. Siku tano, basi. Nilimcheka sana, nikamwambia mtu mzima unafuata kalenda. Lakini kwa hamu nilimshinda.

Siku ya kuondoka tulipita Mawaleh kumuaga mama, aliyekuwa akikaa na yule mdogo wangu wa kike. Nikamuuliza nimletee nini. Mama hakuwa mtu wa kutaka kitu, lakini siku ile aliniambia, "Nnataka viatu. Vyepesi, vya ngozi, visiteleze." Akavua ndara, akasimama juu ya karatasi, nami nikapiga magoti nikauchora unyayo wake kwa kalamu. Nilipokishika kisigino nikakikuta baridi, na nje lilikuwa joto la kupasua kichwa. Akatusomea, akatupulizia kichwani. Kila safari hutusindikiza hadi kwenye geti. Siku ile alibaki kwenye kiti, akasingizia magoti. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mkobani, tukaondoka.

Siku ya kwanza Vienna nilizungumza na mama vizuri kabisa. Aliuliza kama tunapata nyama ya halali, kama nimevaa soksi. Tulipanda tramu, tukaenda kwenye kanisa lao kubwa lenye paa la vigae vya rangi, mume wangu akapanda ngazi zote za mnara kwa miguu yake huku mimi namsubiri chini. Alipiga picha hata za kwato za farasi.

Siku ya pili asubuhi nikapiga simu, akapokea mdogo wangu. Mama anakoga, akasema. Nikamwambia haya, nitapiga baadaye. Nyuma yake nilisikia kengele ndogo, kama ya lifti inapofika. Nyumba ya mama haina ghorofa. Nikasema labda ni televisheni, tukaingia kwenye jumba la mfalme. Tulitembezwa chumba baada ya chumba, dhahabu hadi kwenye dari, na mimi masikioni nina kengele ile tu. Alasiri nikapiga tena, nikaambiwa mama kajilaza kidogo. Nikafungua kundi letu la familia. Shangazi yetu kila siku ya Mungu hututumia picha ya waridi na dua, hata akiwa na homa. Siku hiyo hakutuma. Hakuna aliyetuma chochote.

Mtu mwingine angedhani watu wana shughuli zao. Mimi nilijua kundi likinyamaza namna ile wenyewe wamehamia wapi. Nilijua, nikakataa kujua. Nikamwambia mume wangu nina njaa, tukale.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye bustani ya jumba jingine. Simu ya mume wangu ikalia, akasogea mbali hadi kwenye chemchemi, akanipa mgongo. Mume wangu simu huzipokea kwa sauti ya ghalani, mtaa mzima usikie. Hii aliisikiliza tu. Aliporudi alisema ni rafiki wa kazini, na akakaa kwenye benchi kama mtu aliyebeba gunia. Nikampigia mdogo wangu palepale.

"Mama anakoga, dada."

Safari hii sauti haikumtetemeka hata kidogo. Aliisema kwa utulivu, kama nilivyomfunza. Maskati ilikuwa saa nane mchana, na mama hukoga alfajiri, mara moja, miaka yote. Nikasema, akitoka mwambie namtafutia viatu.

Kwenye duka la viatu nikaitoa ile karatasi mkobani. Muuzaji, mama wa makamo, akaulinganisha unyayo na soli, akatuletea namba thelathini na sita, vyeusi, laini. Mimi navaa thelathini na tisa. Mume wangu alikuwa ameketi pembeni akiitazama karatasi. Akasema bila kuniangalia:

"Chukua vya namba yako wewe."

Miaka thelathini nimeishi na mtu huyu. Kusema uongo hajui, na alichoweza ni hicho. Nilisimama na kiatu mkononi. Ningemuuliza pale, angeniambia. Sikumuuliza. Maadamu sijauliza, mama alikuwa msalani, maji yanamwagika, atatoka. Nikasema kwa hasira nataka hivi hivi, hata muuzaji akarudi nyuma. Mume wangu akalipa.

Baada ya chakula akasema goti linamuuma, amebadilisha tiketi, tunaondoka kesho asubuhi. Goti lake lilikuwa zima kuliko langu. Nikapanga sanduku. Ndani ya ndege tulikula, tukapeana chumvi, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote wawili tunalijua. Akaniuliza kama nimeifurahia safari. Nikamwambia sana.

Mawaleh tulikuta geti li wazi na ndara zimejaa barazani. Nilikaa waliponikalisha. Nikanywa maji waliyonipa. Shangazi wa waridi ndiye aliyesema, na mimi nikaitikia kwa kichwa, maana nilikuwa nimeshalia kimoyomoyo tangu dukani. Kisha nikamfuata mdogo wangu jikoni. Alikuwa akisuuza vikombe vya kahawa. Aliponiona akarudi hatua moja. Ananiogopa tangu utoto.

Nikamwambia, "Umesema vizuri. Kama nilivyokufunza."

Akakiweka kikombe chini, ndipo akaniambia ambalo wengine walikuwa wakilizunguka. Mama hakufa ghafla. Alianguka alfajiri ya ile siku ya pili, akapelekwa hospitali, akalazwa ghorofa ya nne, na ile kengele ilikuwa ya lifti kweli. Alikaa hai mchana kutwa na usiku wake, hadi siku ya tatu kabla ya adhuhuri. Ndege ya jioni ya ile siku ya pili ingenifikisha akiwa hai. Mdogo wangu alishika simu mara mbili aniambie, akaikumbuka sheria, akamkumbuka na mwenye sheria, akaiweka.

"Alikuwa akikutaja wewe tu," akasema. "Yuko wapi, mbona haji. Alisahau kama umesafiri. Sikujua nimwambie nini, dada. Nikamwambia unakoga."

Nikamuuliza mama alijibu nini.

"Alisema haya, namngoja. Akawa anautazama mlango."