Mlango wa Upande wa Kabichi

Kabichi ikioza shambani baada ya mvua ya siku tatu ina harufu nzito, tamu kidogo, inayoshika kwenye sweta na kukataa kutoka. Wengine wakikumbuka kanisa la utotoni mwao husikia ubani au mishumaa. Mimi nasikia kabichi. Kanisa letu la zamani, huku juu Magamba, lilikuwa la udongo na bati, mgongo wake umeegemea msitu, na ubavuni palikuwa na shamba la wanakwaya. Kati ya makaburi na shamba hilo palikuwa na ua wa miti. Kila alfajiri ya Pasaka tulikwenda makaburini na tarumbeta, ukungu umetanda hata hatuonani nyuso, tukawaimbia waliolala kwamba mauti imeshindwa. Wote waliyaelekea makaburi, isipokuwa bibi yangu. Yeye aliyapa mgongo akaimba akitazama shambani. Watu walimtania kwamba anazihubiria kabichi, naye alicheka pamoja nao. Mimi nililala naye kitanda kimoja, kwa hiyo nilijua. Mtoto wake wa kwanza alikufa akimsubiri mchungaji aje kumbatiza, na enzi hizo mtoto wa namna hiyo hakuzikwa ndani ya ua. Aliwekwa nje, bila msalaba. Waliomzika wakafa, waliobaki wakalima.

Nilipokuwa darasa la tano, mtaa wetu ulitaka kuwa usharika. Mtaa una mwinjilisti tu, na mchungaji huja mara mojamoja kutoka mbali, akikwamishwa na matope haji kabisa. Usharika una mchungaji wake na kanisa la mawe. Basi kipupwe kizima, kila Jumapili baada ya ibada, tulibaki kwenye mabenchi tukipanga, midomo ikitoa moshi kwa baridi. Mwinjilisti wetu, kijana mpole aliyetoka Magoma kule bondeni, alitaka kila nyumba ilete maono. Neno hilo, kwa maana ya mipango, lilikuwa jipya masikioni mwetu. Mmoja alileta maono ya kengele, mwingine ya nyumba ya mchungaji, na mzee mmoja akaleta maono ya choo, ambayo kwa kweli yalikuwa bora kuliko yote. Jumapili ya nne wakakubaliana kwamba kanisa jipya litatanuliwa kuelekea kwenye kabichi. Bibi alinibana mkono mpaka ukaniuma.

Kosa la bibi ni kwamba alilichukua neno maono kama lilivyo kwenye Biblia: kitu unachooneshwa. Jumapili iliyofuata alisimama bila kuitwa, kanga yake mpya begani, akaanza kwa Kiswahili. Alisema ameoneshwa. Watu wakaguna, mabenchi ya nyuma yakaanza kucheka. Kiswahili kikamkwama, akarudi kwenye lugha aliyonyonya. Bibi alikuwa Mmbugu aliyeolewa kwa Washambaa, na mle kanisani hakuna aliyejua Kimbugu ila mimi niliyelelewa mgongoni kwake. Alisema taratibu: "Msijenge juu ya Hoza. Mtoto wangu yuko nje bado, hajaingia."

Sikuwahi kulisikia jina hilo kabla ya siku ile. Mwinjilisti akanigeukia, "Mjukuu, bibi anasema nini?" Kanisa zima likanitazama, na wenzangu wa darasani walikuwa benchi la mbele, tayari kucheka. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Anaomba pawe na mlango upande wa kabichi, wazee wasizunguke." Wakapiga makofi. Mwinjilisti akaandika. Bibi alikielewa Kiswahili cha kusikia vizuri kabisa. Alinitazama kidogo, akaketi, akaikunja kanga yake mapajani. Njiani hakuninyima mkono, wala kitandani hakunipa mgongo. Afadhali angenichapa.

Mlango ulijengwa. Kizingiti chake kilikaa palepale juu ya Hoza, na kwa miaka mingi maharusi, wanakwaya na watoto waliobatizwa kwa wakati wamepita juu yake. Bibi hakuupita hata siku moja. Hata magoti yalipomkatalia, alizunguka kanisa zima kwa mkongojo ili aingie mbele, na watu wakamshangaa, maana mlango si aliuomba mwenyewe? Pasaka aliacha kwenda makaburini. Alikufa bila kuniuliza, nami sikupata ujasiri wa kumwambia nisamehe. Naionea aibu siku ile mpaka leo.

Sasa ni mimi mwenye magoti mabovu. Vijana wetu wako Tanga na Dar es Salaam, mabenchi yamepwaya, na mwaka huu mchungaji, binti ambaye ningeweza kumzaa, ametuita tupange namna ya kuuhuisha usharika. Picha zilikuwa ukutani, za rangi, zikionesha ubavu ule umemwagwa zege na kuwekwa vigae. Akatuomba maono. Neno lile lile. Nikasimama, nikayasema yote ya bibi kwa Kimbugu kwanza, kama alivyoyasema yeye, na nusu ya maneno niliyatafuta. Hakuna aliyeelewa. "Shikamoo, mama," mchungaji akasema kwa upole, "tusaidie kwa Kiswahili." Nikaitikia, nikatafsiri neno kwa neno, nikaeleza na ya mlango. Hakuna aliyecheka.

Zege halikumwagwa. Waliung'oa mlango, wakaziba kwa mawe, kizingiti kikatolewa, pakabaki udongo. Mchungaji akaniuliza jina liandikweje kwenye msalaba. Nikamtajia herufi moja moja, maana katika usharika mzima ni mimi tu niliyekuwa nalo, na nililikalia maisha yote ya bibi yaliyobaki. Alfajiri ya Pasaka tarumbeta ziligeuzwa kuelekea pale, na watu wote wakageuka nazo. Nilijikuta naacha nafasi kando yangu, upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyelima kabichi pale miaka thelathini sasa, lakini sweta langu lilirudi nyumbani likinuka.